Zamu ya Waseme

Juni, Mafinga. Baridi imekaa juu ya mbao
kama mpangaji aliyekwisha kulipa kodi ya mwaka.
Nimekuja na kurunzi, kioo chenye mpini,
kichupa cha rangi nyekundu
na daftari lenye mbwa kumi na wawili wa yadi tatu.

Majina yao yalitungwa ili upande wa pili wa uzio usikie:
Waseme. Mtachoka. Hujanijua. Haiwahusu.
Mbwa anaitwa, jirani ndiye anayeitika.

Siku ya kwanza daktari wa mifugo aliwalaza kwa sindano,
mmoja mmoja, juu ya turubai,
nami nikakwangua ukoga wa miaka
mpaka chonge zikarudi rangi ya hindi bichi.
Kila kinywa kianze na sifuri.
Uchafu wa leo haupimiki
ukiwa umelaliana na wa mwaka juzi.

Sita wale ugali na dagaa, basi.
Sita wale ugali na dagaa, na jioni kijiti:
cha kijani, kigumu, chenye mifereji,
kinanukia mnanaa na, kwa mbali, kwato.

Mfuko nilimwachia Lutego, mlinzi wa usiku,
pamoja na orodha ndani ya bahasha.
"Usiniambie nani anapewa.
Nikijua, jicho langu litampendelea ninayetaka ashinde."
Akacheka. Mbele ana meno manne,
kwingine kote ulanzi umeshapita na vyake.
"Kumbe mpimaji ndiye kipofu?"
Ndiyo, baba. Kipofu wa kujitakia.

Siku ya ishirini na nane Lutego anashika vichwa.
Nainua mdomo, napaka rangi,
nasuuza kwa maji ya bomba yanayouma vidole hadi kwenye mfupa.
Kilichokataa kuondoka, chekundu, ndicho ukoga.
Naligawa jino kwa macho: upande wa ufizi, upande wa ncha.
Limefunikwa robo, moja. Nusu, mbili.
Halafu wekundu wenyewe:
waridi hafifu, moja; damu iliyolala, tatu.
Nazidisha, najumlisha, nagawanya kwa idadi ya meno,
na Mtachoka ananipigia chafya usoni.

Haiwahusu, kumi na moja nukta mbili.
Mtachoka, sita nukta nne.
Hujanijua, kumi kasoro kidogo.
Waseme, saba.

Jioni nafungua bahasha.
Waseme ni wa ugali mtupu.
Hujanijua ni wa kijiti.

Narudia hesabu. Narudia tena.
Lutego anatazama vumbi la mbao
kana kwamba kuna kitu amekiangusha humo.

"Waseme alikuwa ananiangalia," anasema.
"Wenzake wanatafuna, yeye anameza mate.
Wewe saa nane za usiku hukuwepo.
Nilikuwa nakivunja cha Hujanijua katikati.
Ningemwambia nini mbwa,
kwamba yeye ni wa kulinganishia?"

Sikuwa na jibu la saa nane za usiku.
Nilikuwa na kalamu.
Nikapiga mstari juu ya majina mawili,
kumi na wawili wakawa kumi,
na pembeni nikaandika: *mlinzi aligawa*.
Mkuu wangu Uyole ataliona neno hilo
na atauliza liko safu gani.

Waseme alikuwa amekaa juu ya mguu wangu,
povu jekundu bado kwenye sharubu,
akapiga mwayo mpana, wa taratibu,
na magego yake ya juu, nakiri, yalikuwa masafi.

Kitu kimoja sikukiandika.
Kuanzia Julai makundi yangebadilishana:
waliokosa wapate, waliopata wakose.
Zamu ya Waseme ilikuwa imebakiza siku tatu,
na Lutego sikuwa nimemwambia.
Niliona haimhusu.